Kama Ulienda Pwani na Nduthi, Tuonyeshe Ulipolala

Kuna video moja imejaa kwa simu zetu zote. Wahusika wanabadilika, video ni ile ile. Inaanza gizani, Kitale ama Bungoma, msee amevaa jaketi nzito, taa ya nduthi inamulika lami. Juu kuna maandishi makubwa: KITALE–MOMBASA, SIKU MOJA, HATULALI. Sekunde tatu, tuko Nakuru. Sekunde tatu, Mtito Andei. Halafu miguu mitupu ndani ya bahari, muziki unapanda, mwisho.

Kabla uigawie hiyo video laiki yako, irudishe nyuma uangalie kitu kimoja: jua. Pale baharini kuna jua. Liko juu kabisa, maji yanang'aa. Sasa niambie, hilo jua ni la siku gani?

Mimi nasema ni la kesho yake. Ama ni la siku hiyo hiyo, na msee alikuwa anakimbia kasi ambayo hawezi kukuonyesha. Jibu la tatu sijaliona. Na hayo mawili ndiyo yamenifanya niandike leo, juu Disemba inakaribia, na pale steji Chwele nimeshasikia vijana wakipanga jinsi watavunja "rekodi".

Tupige hesabu pamoja.

Chwele hadi Mombasa, ukipitia Kimilili, Webuye, Eldoret, Nakuru na Nairobi, ni kama kilomita 900. Tusipigane juu ya kilomita 20 za kuongeza ama kupunguza. Una nduthi ya 150cc, na begi, na mwili wako. Weka matuta, weka polisi, weka kujaza mafuta, kukojoa, chai, na yale malori yanapanda mlima kama kinyonga. Wastani wako wa siku nzima ni kilomita 50 kwa saa. 900 gawanya kwa 50 ni 18. Masaa kumi na nane. Chuo mimi niliacha katikati, lakini hii ni hesabu ya darasa la tano.

Umeamka saa tisa usiku, ukatoka saa kumi alfajiri. Utafika saa nne usiku. Hiyo ni kama hakuna pancha, hakuna mvua, na cheni haijalegea. Kwa hivyo hilo jua la kwa video, buda, si la siku yako.

"Sasa si basi aongeze mwendo?" Aongeze wapi? Ukitaka kufika Mombasa kabla jua lizame, saa kumi na mbili jioni, lazima wastani uwe karibu kilomita 65 kwa saa na vituo vyote ndani. Maana yake kwa lami wazi unatembea 90, 100. Kwa kasi ya 100 unamaliza mita 28 kila sekunde. Ukishtuka, kabla kidole kiguse breki, umeshamaliza hizo mita. Na hiyo ni ukiwa macho.

Hapo kwa macho ndipo kuna noma. Watafiti walishapima hii kitu: mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya makosa kama mtu aliyekunywa hadi kipimo cha asilimia 0.05 ya pombe kwa damu. Kwa nchi nyingi za Ulaya hapo ndipo polisi anakunyang'anya funguo. Wewe uliamka saa tisa usiku. Masaa yako 17 yanaisha saa mbili usiku. Kwa wastani wetu, saa hiyo umemaliza kilomita 800. Fungua ramani uone ni wapi: Mackinnon Road. Mbele yako kumebaki kama kilomita 100, Samburu, Mariakani, Mazeras, gizani, katikati ya matrela yanayoingia na kutoka bandarini. Uko kama mlevi, na hujaonja hata busaa.

Na kabla ya hapo umepita wapi? Kwa hesabu hiyo hiyo, Mtito Andei unafika saa kumi na moja jioni na Voi saa moja usiku. Kati ya hizo mbili ni Tsavo. Barabara inapasua katikati, Tsavo Mashariki upande mmoja, Tsavo Magharibi upande ule mwingine. Jioni ndizo saa ndovu wanapenda kutembea. Ndovu hana riflekta. Ni kitu cha tani tano, rangi ya vumbi, kimesimama kwa laini yako.

Kitu kingine ambacho hizo video hazikuambii: hii si barabara mbili, ni moja. Lile trela linalokutupia upepo pale Webuye likielekea Malaba lilitoka Kilindini. Hii ni njia ya mizigo ya Uganda, Rwanda na Congo, kutoka bandarini hadi mpakani kwetu. Kwa hivyo hutoki kwa barabara yetu ukaenda ya kwao. Uko na yale yale malori kilomita 900, na dereva wake pia amechoka, pia ana tajiri anampigia simu akiuliza amefika wapi.

Tunajua gharama yake. Tarehe 31 Disemba 2017, kabla kupambazuke, basi lililotoka huku magharibi likielekea Nairobi liligongana na lori pale Migaa, karibu na Salgaa. Watu 36 walikufa. NTSA ikasimamisha mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku. Hiyo marufuku haikudumu, lakini fikiria: hao walikuwa ndani ya chuma, wana viti, wana paa. Wewe una jaketi. Mwaka 2023 barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,300, na wanaopanda nduthi wamejaa kwa hiyo orodha kila mwaka.

Najua wengine mmeshaanza kuandika kamenti: "Wivu tu. Wewe hujawahi kufika." Nimefika. Na nduthi ya 150cc, kutoka Chwele, siku tano. Nililala Nakuru, Athi River, Makindu na Voi. Ile siku ya tano nilitoka Voi asubuhi nikiwa nimelala masaa nane, na saa sita mchana nilikuwa Mombasa. Lile jua la kwa video yangu ni la siku hiyo hiyo.

Na hapa ndipo nitaongea juu ya pesa, juu watu wanadhani hii ni ujinga wa vijana peke yake. Kabla nitoke, kampuni fulani ilinitafuta. Sitaitaja. Walitaka kuniwekea mafuta, waniwekee na kitu kidogo kwa simu, mradi jina lao likae kwa tangi na kwa video. Tukaongea vizuri, hadi nikawaambia ni siku tano. Simu ikapoa. Yule msee akaniambia, kwa upole kabisa, "Siku tano hazina moto. Unaweza fanya moja?" Nikamuuliza kama atakuja nyuma yangu na gari. Akacheka. Hapo tukaachana.

Elewa hiyo biashara vile ilivyo. Yeye anapata tangazo. Mwenye video anapata watazamaji. Wewe unayetazama ukiwa steji Chwele, Kimilili ama Kiminini unapata nini? Unapata wazo. Na nduthi yako si kama ile ya kwa video. Nduthi yako iko na mkopo wa kulipa kila siku, tairi ya nyuma imeisha hadi imekuwa laini kama kipara, helmeti ni moja na kioo kilishapotea. Ukianguka Mariakani, hakuna kampuni itakuja. Kutakuja harambee. Kutakuja kikundi cha WhatsApp chenye picha yako na namba ya mweka hazina, na mathe wako amekaa kwa kiti cha plastiki akihesabu noti za mia.

Sasa tujibu wale wanaojua kubishana.

Wa kwanza anasema, "Wazungu wanafanya." Kweli. Kule Marekani kuna chama kinaitwa Iron Butt Association, na mtihani wao wa kwanza ni maili 1,000 ndani ya masaa 24. Hiyo ni kama kilomita 1,600. Lakini angalia wanaifanyia wapi: barabara kuu zenye ukuta ama nyasi katikati, hakuna mtu anakuja mbele yako na taa kali, hakuna ng'ombe, hakuna tuta bila alama. Wengi wana pikipiki kubwa za safari, zenye kioo cha kuzuia upepo. Wewe una silinda moja inayopozwa na upepo, na inakutikisa hadi vidole vinakufa ganzi kabla ufike Eldoret. Unaiga mbio bila kuiga kiwanja.

Na kama ni kuiga, iga vizuri. Mwaka 2007 Ewan McGregor na rafiki yake Charley Boorman walipita hapa Kenya na pikipiki za BMW wakitoka Scotland kwenda Cape Town. Walikuwa na magari ya kuwasaidia na daktari. Wana pesa ya filamu. Na bado walichukua karibu miezi mitatu, na jioni unaona hema. Mtu mwenye daktari wake analala. Wewe ambaye hata bendeji huna ndio unajiita chuma?

Wa pili anasema, "Sina siku tano, nina kazi." Huyu namheshimu, juu anaongea ukweli. Kijana wa boda akikosa siku tano, tajiri wa nduthi ama mkopo hautamngoja. Lakini jibu la kukosa siku si kuzifinya zote ziwe moja. Panda basi, ulale kwa kiti, ufike Mombasa uoge bahari urudi. Ama gawanya safari. Mwaka huu nenda Nakuru na urudi. Mwaka ujao Makindu. Bahari iko pale tangu zamani, haihami.

Wa tatu anasema, "Kulala ni pesa." Sawa, tuongee pesa. Chumba safi cha kulala, kwa hiyo njia, nilipata kwa shilingi 700 na kingine kwa 1,000. Makindu sikulipa kitu. Pale karibu na barabara kuna hekalu la Masingasinga, lipo tangu 1926, na wao hulisha kila msafiri na kumpa pa kulala bila kuuliza dini wala kabila. Unavua viatu, unafunika kichwa, huingii na pombe wala sigara. Nilikula chapati na dengu nimekaa kando ya dereva wa trela aliyekuwa anaenda Malaba. Aliniuliza nimetoka wapi, nikasema Chwele. Akasema hapo soko la vitunguu na ndizi analijua. Kisha akaniambia jambo ambalo ningependa liandikwe kwa kila tangi: "Sisi hatuwaogopi polisi usiku. Tunawaogopa nyinyi. Taa yenu moja tunadhani iko mbali."

Taa moja anadhani iko mbali. Dereva aliye na miaka barabarani anakuambia kwamba usiku hawezi kupima uko wapi. Sasa bado unataka kumaliza zile 100 za mwisho gizani?

Wa nne, na huyu ndiye mgumu, ni mwenzangu wa kazi. Anasema, "Usipofanya siku moja, hakuna mtu ataangalia." Hapa sitadanganya kwamba watu walijazana kwangu. Klipu za haraka zinatembea haraka. Lakini swali ni: unauza nini? Kwa ile video ya siku moja hakuna kitu. Hakuna Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu, ambapo saa mbili asubuhi vidole vilikuwa havisikii klachi na nduthi ilikuwa inakohoa kwa kukosa hewa. Hakuna ule mteremko wa Salgaa, unapojifunza kukaa mbali na lori lenye breki zinazonuka. Hakuna Nairobi yenyewe, ambapo ile barabara ya juu ya kilomita 27, Westlands hadi Mlolongo, nduthi hairuhusiwi, kwa hivyo unapigana huku chini na matatu. Hakuna Sultan Hamud, mji wa Ukambani na Umaasaini uliobeba jina la Sultani wa Zanzibar. Hakuna mibuyu ya Kibwezi. Hakuna Mackinnon Road mchana, ambapo msikiti umesimama kando ya reli na watu wanashuka kwa magari kuomba dua kisha wanaendelea. Hakuna ile saa unavua jaketi, halafu sweta, halafu unabaki na fulana, na unajua kwa ngozi yako kwamba umeshuka kutoka mlimani.

Hiyo yote ndiyo safari. Bahari ni mahali inaishia tu.

Na sisi watu wa huku tuna sababu yetu ya ziada. Nduthi ni kitu chetu. Hata neno boda boda lilizaliwa hapa karibu, mpakani Busia, wakati baiskeli zilikuwa zinavusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Na hii njia ya pwani ni ya zamani kuliko lami. Karne ya 19 misafara ya Waswahili ilitembea kwa miguu kutoka pwani hadi Mumias, kwa Wawanga, miezi kwa miezi. Walilala njiani, wakaoa njiani, wakaacha dini na lugha. Ndiyo maana Mumias kuna Waislamu kabla hata reli ije. Reli yenyewe ilianza Mombasa 1896 ikagusa ziwa Kisumu 1901. Kila kitu kilichowahi kutuunganisha na pwani kilienda na vituo. Kama ingekuwa ni kupita tu, leo mimi na wewe hatungekuwa tunasomana kwa Kiswahili.

Kwa hivyo sisemi usiende. Nenda! Kijana wa Chwele akae maisha yake yote akisikia bahari kwa redio, kwa nini? Nasema nenda kama mtu anayetaka kurudi kusimulia. Kilomita 200 ama 250 kwa siku, na saa kumi na moja jioni nduthi iwe imezimwa. Kila ukijaza mafuta, angalia oili na cheni, na upige tairi teke. Beba tyubu, plagi, kebo ya klachi na spana zako. Helmeti nzima yenye kioo, na uifunge kidevuni, si kuitundika kwa kiwiko ukingoja polisi. Ikivaliwa vizuri inapunguza uwezekano wa kufa kwa karibu asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Mtumie mtu mmoja nyumbani ujumbe kila unapolala. Mtu mmoja tu, asiyekufuata kwa laiki, anayejua kwamba usipotuma, kuna shida.

Na kwa wenzangu wenye kamera, nina ombi moja, na nitalirudia kwa kamenti zenu hadi mnizuie. Ukiweka safari ya pwani hapa, tuonyeshe ulipolala. Sekunde tano zinatosha. Kitanda, neti, bakuli la maji ya kuoga, sandali za plastiki zisizofanana, jina la mji ukutani. Kama ulilala, hiyo ni picha rahisi zaidi kwa safari nzima. Kama huna, basi andika pale juu, kwa herufi zile zile kubwa: NILIENDESHA MASAA 18 BILA KULALA, USINIIGE. Tuone ni kampuni gani italipia hiyo.

Nyinyi mnaotazama, kazi yenu ni ndogo zaidi. Disemba hii, video ikikuja na jua baharini na hakuna kitanda, usigawie. Uliza tu, kwa upole: ulilala wapi?

Mulembe.